Kiwanja Namba 212

Dosie, jalada la karatasi za kiwanja namba 212, ilikuwa imelowa chapachapa. Zile mbili zilizoibana huku na huku, 211 na 213, zilikuwa kavu, na vumbi lililozifunika lilikuwa halijaguswa.

Jean-Berchmans aliitoa kwa ncha za vidole. Akatazama bati juu: halikuvuja. Akatazama kabati: la chuma, lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake tangu jana. Karatasi ilinuka tope, lile tope zito linalotoka chini kabisa mtu anapochimba kisima. Aliianika dirishani, akaibana kwa jiwe, akaendelea na kazi zake.

Alikuwa karani wa hati za viwanja mjini Uvira. Wazungu walipoondoka mwaka wa sitini walimwachia bunda la funguo na makabati kumi na moja, na tangu hapo wakubwa walikuja na kwenda, lakini hakuna karatasi hata moja iliyompotea. Watu wa mji walisema, Jean-Berchmans akikwambia dosie yako ipo, ipo. Akikwambia haipo, rudi nyumbani ukalie na ndugu zako.

Dosie hiyo ya 212 ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Kiwanja chenyewe kilikuwa Kilibula, kando ya kijito, penye matete na maji yasiyokauka hata kiangazi. Mpimaji wa Kizungu aliyepita zamani aliandika kwamba ardhi hiyo ni tupu, haina mwenyewe. Lakini wenyeji wa Kilibula hawakuwahi kujenga pale, wala kufunga mbuzi. Ukiwauliza kwa nini, walijibu kwa sauti ya chini, "Pale pana mwenyewe," kisha wakabadilisha maneno.

Wiki moja kabla, Mathieu, mkuu wa ofisi, alikuwa amemwita pembeni.

"Jean, ile parseli ya Kilibula iko bure. Bazungu wenyewe waliandika hakuna muntu. Andika hati kwa jina langu, kisha nusu ninakukatia weye."

"Bwana mkubwa, watu wa kule wanasema..."

"Watu wanasema! Weye unapanga chumba kimoja Kasenga, bibi yako iko na mimba, na unasikiliza watu wanasema?"

Ni kweli mkewe, Marie-Jeanne, alikuwa mjamzito, mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Jean-Berchmans alifikiria nyumba ya matofali yenye mlango wake mwenyewe, akakubali.

Basi akaandika hati, Mathieu akatia sahihi na muhuri, na jina la Mathieu likaingizwa katika kitabu kikubwa cha wenye viwanja. Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka wa sitini na nne, mvua ikinyesha kila asubuhi na jua likichoma kila mchana.

Siku ileile dosie ilipolowa, saa sita, ofisi ilipofungwa watu waende kula, Jean-Berchmans alibaki nyuma kidogo akitafuta kofia yake. Nje hapakuwa na sauti; hata kunguru walikuwa wamenyamaza kwa joto. Ndipo aliposikia, ndani ya chumba cha makabati alichokuwa amekifunga kwa mkono wake, mtu akifunua kurasa. Hakuwa panya. Panya hatulii. Huyu alikuwa akilamba kidole, anafunua ukurasa, ananyamaza kama anayesoma, kisha analamba kidole tena.

"Nani huko?"

Droo moja ya chuma ikajisukuma taratibu mpaka mwisho, ikagonga: ta.

Jean-Berchmans aliondoka bila kofia. Alipomweleza Mathieu jioni, mkubwa yule alicheka hadi akashika tumbo. "Kesho mchana nitabaki minye mwenyewe," alisema. "Kama ni mwizi wa karatasi, nitamkamata."

Kesho yake alibaki. Jean-Berchmans aliporudi saa nane alikuta mlango wa chumba cha makabati uko wazi, droo zote kumi na moja za juu zimevutwa nje kama ndimi, na Mathieu ameketi sakafuni katikati ya maji yaliyofika vifundoni, suruali yake nzuri imeloa, akilamba kidole na kufunua kurasa za kitabu kisichokuwapo.

"Bwana mkubwa! Bwana Mathieu!"

Mathieu aliinua uso. Macho yake yalimpita Jean-Berchmans yakatazama nyuma yake, kana kwamba anamtafuta huyo Mathieu anayeitwa.

"Weye unaitwa nani?" Jean-Berchmans aliuliza.

Mathieu alifungua kinywa. Alitafuta, akatafuta, jasho likamtoka, kisha akaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kitabuni, pale jina lake lilipoandikwa, palikuwa na doa la maji na karatasi tupu. Jean-Berchmans alikimbilia barua ya kuteuliwa kwa mkubwa huyo iliyobandikwa ukutani: pale pa jina, doa la maji. Akafungua mkoba wa Mathieu, akatoa kitambulisho: doa la maji. Ndugu za Mathieu walikuja kumchukua, wakampeleka kwao Baraka, na mama yake mzazi, walisema watu, alimshika mashavu akashindwa kumwita.

Jioni ya siku hiyohiyo ya mkasa Jean-Berchmans alikwenda kwa Maalimu Ramazani, mganga wa majini, Mwislamu wa Kasenga ambaye babu zake walitoka Ujiji na chumvi na shanga. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, aliyekuwa akisuka vitanda vya kamba. Alisikiliza bila kuacha kazi yake mpaka aliposikia habari ya majina. Hapo kamba ikasimama mkononi.

"Waliandika hakuna muntu," alisema polepole. "Mwanangu, kuna kiumbe aliyeishi pale kabla ya babu zetu, na hakudai kitu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Ninyi mmemfungulia kitabu. Amejua sasa kwamba dunia ni ya wenye majina, na yeye hana. Analitafuta."

"Nifanye nini, Maalimu?"

"Leo ni Jumanne. Ijumaa baada ya swala nitakuja na ubani na maneno ya kumtoa. Mpaka hapo usiingie mule. Na akikujia popote, mpe salamu, mpe radhi, mpe hata kiwanja chake. Jina la muntu usimpe. Umesikia? Hata la mufu."

"Nimesikia."

Alhamisi asubuhi, akinyoa ndevu, Jean-Berchmans aliangusha kitambulisho chake. Alikiokota. Herufi ya kwanza ya jina lake ilikuwa imevimba kwa maji. Alikifuta kwa shati, akakiweka juani, akakitazama, na wakati akitazama, herufi ya pili ikaanza kulegea pembeni na kuyeyuka. Marie-Jeanne, aliyekuwa akisonga ugali, aligeuka kumwita, akasita mwiko mkononi.

"Weye..." alisema, akacheka kwa aibu. "Ona sasa! Jina lako limenitoka kinywani. Ni hii mimba."

Ijumaa ilikuwa mbali mno. Saa sita mchana, makarani wengine walipokwenda kula, Jean-Berchmans alifungua chumba cha makabati, akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake bila upepo, na joto lote la mchana likakatika kama mtu amezamishwa ziwani, na harufu ya tope ikajaa puani na kooni hata ikawa anavuta pumzi kwa kuitafuna, na pale kwenye meza yake, katika kiti chake, aliketi mtu aliyevaa shati la kaki lililopigwa pasi vizuri kabisa, maji yakimtiririka kutoka kwenye mikono ya shati, na uso wake ulikuwa uso ambao kila Jean-Berchmans alipoutazama aliusahau papo hapo, akautazama tena, akausahau tena.

"Karibu, bwana karani," alisema yule mtu, kwa adabu. "Nimekuja kuhusu kiwanja changu."

"Kichukue," Jean-Berchmans alinong'ona. "Nitafuta kila kitu. Kiwanja ni chako."

"Changu mimi nani? Mliandika hakuna mtu. Sasa andika mtu."

"Ulichukua la mkubwa wangu."

"Lilikuwa limevaliwa miaka arobaini. Linanuka jasho lake. La kwako nimelionja, nalo ni vilevile." Akalamba kidole, akafunua kitabu kikubwa mpaka ukurasa wenye doa. "Lakini nitalimaliza hivyo hivyo, na baada yako la mkeo, kwa sababu nina njaa ya jina. Isipokuwa unalo jipya. Jina ambalo bado halijaingia mtu."

Maneno ya Maalimu yalikuwepo kichwani mwake, aliyasikia waziwazi. Lakini alijaribu wakati huohuo kujitamkia jina lake mwenyewe, kimoyomoyo, na likaishia katikati. Jina jipya lilikuwepo. Yeye na Marie-Jeanne walilichagua kitandani, kwa kunong'ona, ingawa wazee wa bonde la Ruzizi wanakataza kumtaja mtoto kabla hajazaliwa. Walichoka kuzika, wakataka jina la kumshikilia. Hakuna mwingine duniani aliyelijua.

Halijaingia mtu, alijiambia. Si jina la mtu bado. Mtoto atapata lingine.

Akachukua kalamu, akaandika kitabuni, kiwanja namba 212, mwenyewe: Manirakiza.

"Nisomee," alisema yule mtu. "Sijui kusoma. Mimi hutafuta tu."

"Manirakiza."

Uso ule ukatulia. Kwa mara ya kwanza Jean-Berchmans akauona na ukabaki: uso wa kijana, mwenye paji pana kama la kwake, na mdomo wa Marie-Jeanne.

"Asante, baba," alisema.

Ijumaa, jina la Jean-Berchmans likiwa limerudi lote kinywani mwa mkewe, Maalimu Ramazani alikuja, akafukiza ubani, akasoma, akazunguka makabati yote kumi na moja. Mwishowe akasimama akikohoa.

"Hayupo," alisema. "Ametoka kabla sijamwambia atoke. Ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu, Maalimu."

Ramazani alimtazama sana. Hakuuliza mara ya pili, na hakukubali kikombe cha chai.

Mwezi wa tano waasi waliingia Uvira, wamejifunga majani na ngozi vichwani. Walisema karatasi za Wazungu ndizo minyororo ya watu, wakatoa vitabu vya ofisi, wakavirundika uani na kuvimwagia petroli. Makarani wenzake walijificha. Jean-Berchmans alisimama mbali, akasubiri mpaka akaona kitabu kikubwa kikijikunja, ukurasa baada ya ukurasa, kikawa jivu jeusi. Alikwenda nyumbani akicheka na kulia. Hati imeungua. Hapajaandikwa kitu.

Wiki hiyohiyo Marie-Jeanne alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele.

"Manirakiza wangu," alisema, akinyoosha mikono.

"Hapana! Jina lile lina mkosi. Huyu ni Nizigiyimana."

"Lakini tulikubaliana..."

"Nimesema hapana. Usilitaje. Usilitaje tena hata siku moja."

Marie-Jeanne hakuwahi kumwona mumewe hivyo. Akamnyonyesha Nizigiyimana, na vita vikapita mbele ya mlango wao na kurudi, na watu wakafa na wengine wakarudi, na mtoto akakua akatembea. Alikuwa mpole, mwenye afya. Ila hakusema neno, na hata ukimwita mara kumi kwa jina lake hakugeuka.

Ikafika mchana mmoja wa mwaka wa sitini na saba, Jean-Berchmans amelala kwenye mkeka kwa joto, mtoto ameketi akicheza na vifuniko vya sufuria, mlango umefungwa jua lisiingie. Marie-Jeanne alikuwa akimwita mwanawe aje kula. Nizigi! Nizigiyimana! Mtoto hakugeuka. Alimwita mpaka sauti ikamkauka, na kwa uchungu, bila kufikiri, lile jina alilolifungia moyoni miaka mitatu likamponyoka.

"Manirakiza!"

Jean-Berchmans aliruka kutoka mkekani akamziba mdomo kwa kiganja. Alichelewa.

"Minye huyu, mama," ilijibu sauti ya mwanamume nje ya mlango. "Nimekuja. Nilikuwa ninangoja uniite."

Juu ya kiganja, Jean-Berchmans aliona macho ya mkewe. Hayakuwa na hofu. Yalijaa machozi ya furaha, macho ya mama anayesikia mtoto wake amerudi salama kutoka safari ndefu.

Na mtoto mdogo akaviacha vifuniko, akainuka, akaenda mlangoni akicheka, akakishika kitasa kwa mikono miwili, na akasema neno lake la kwanza, lile ambalo watoto wa Uvira humwitia ndugu yao mkubwa.

"Yaya," alisema, akafungua.