Maji ya Wali Yaliyomwagwa Kimya

Harufu ya nywele zilizoungua ilipanda kutoka kwenye tundu la maji machafu, chini ya sinki kubwa, asubuhi ambayo jiko lilikuwa bado baridi na hakuna aliyewasha moto. Wafanyakazi wa mgahawa wa Haji Mufadhali, barabara ya Warren mjini Dearborn, walimimina sabuni na kuyalaumu mabomba. Munasari, mpishi mkuu, hakusema kitu. Yeye alijua.

Jana yake Haji alikuwa ametangaza kwamba baada ya Ramadhani jiko litakuwa chini ya mpwa wake, Wadii. Wadii alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, moyo mwema na mikono ya balaa: mkate ukimwona unaungua, mchuzi ukimwona unakauka. Wiki ile ile alikuwa amemwacha mwanakondoo wa harusi katika shimo la kuokea nyama mpaka akawa mkaa.

"Damu ni damu, Munasari," Haji alisema. "Wewe utamwongoza tu."

Sasa, kwao Yemeni, kama kwetu pwani, mtu hamwagi maji yanayochemka bila bismillahi, ili wakazi wa chini, wale majini wasioonekana, wapate kuwaondoa watoto wao. Kila siku Wadii alisahau, na kila siku Munasari alimkumbusha. Siku ile ya tangazo Wadii aliinua sufuria kubwa ya maji ya wali, mvuke ukamfunika uso, akasita.

"Ami," akasema, kama alivyomwita kwa heshima, "kuna kitu nasahau?"

"Hakuna. Mwaga."

Kilio kilichotoka chini kilikuwa kifupi na chembamba.

"Umemsikia paka, ami?"

"Nimemsikia," akajibu Munasari.

Akangoja Wadii apigwe na wale wa chini. Apindike mdomo, au akimbie uchi kwenye theluji. Badala yake, Wadii akaanza kupika. Aliingiza mkono mtupu katika tanuri, akabandua mkate bila kukunja uso. Wali wake ukawa chembe chembe. Watu walipanga foleni hadi nje.

"Haji, huyu si Wadii," Munasari alimnong'oneza.

"Kama si Wadii, Mungu azidi kumpoteza yule mwingine!" Haji akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini Munasari, aliyefanya kazi bega kwa bega na mtu huyo, aliona kwamba hapepesi macho, wala hatoki jasho mbele ya moto, na kwamba ile harufu ya nywele sasa ilitoka katika pumzi yake. Adhuhuri moja, wenzao wakisali nyuma ya stoo, Munasari akikata vitunguu na akijilazimisha asigeuke, alihisi joto likimkaribia mgongoni, likapanda shingoni, likatua sikioni, na sauti ya mwanamke, yenye kukwaruza kama ya mtu aliyelia siku nyingi, ikamuuliza kwa upole, "Nani alikuwa anajua?"

Kisu kikamponyoka. Jioni hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kumwita Sheikh Abdulbari.

Sheikh alimketisha Wadii juu ya gunia la mchele, akashika kichwa chake, akasoma. Alisoma mpaka vifuniko vya sufuria vikaanza kutetemeka. Kisha ile sauti ya mwanamke ikatoka kinywani mwa Wadii.

"Mwanangu ameungua mwili mzima, Sheikh."

"Basi mwadhibu mwenye kosa, si mtu wa watu huyu."

"Huyu hakujua. Mjinga nitamwadhibu kwa lipi? Nimekaa humu nikimtafuta aliyejua akanyamaza. Yumo humu jikoni. Akikiri, nitasamehe na kuondoka. Akinyamaza pia nitaondoka, lakini yeye ndiye atakayemlea mwanangu."

Sheikh akawatazama mmoja mmoja. "Jamani, kama kuna mtu ana neno, aliseme."

Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi wa Munasari. Pengine wengi wetu tungelisema, pengine tunajidanganya. Alimwona Haji, na akaona kwamba neno lile lingemtoa katika jiko hili milele, mikono mitupu, na kwamba akinyamaza tu, jiko litarudi kwake. Akafunga mdomo.

"Vyema," ikasema sauti.

Wadii akapiga chafya, akaangalia huku na huku. "Kuna nini? Nimeunguza nini tena?"

Wakacheka wote, kama watu waliotoka baharini wakiwa hai. Haji akamshika Munasari bega mbele yao. "Umeniokolea mpwa wangu kwa kumwita Sheikh. Jiko ni lako, ndugu yangu. Mpaka ufe."

Kesho yake Munasari alisimama mbele ya tanuri lake, akachukua donge la unga. Kiganja cha kulia kikapata joto. Kisha, kutoka ndani ya nyama, kitu kidogo, laini, kisicho na meno, kikamshika na kuanza kunyonya. Unga ukawa mweusi mkononi mwake kabla haujafika motoni. Akachukua donge lingine. Nalo likaungua.

Wadii akaja, akayaficha yale madonge ndani ya aproni yake haraka haraka. "Usijali, ami. Nitamwambia mjomba nimeunguza mimi. Hata haulizi."

Munasari akakunja ngumi kwa nguvu. Ndani ya ngumi, mtoto akalia kwa maumivu. Akaifungua upesi, kama ambavyo mzazi yeyote angefanya, akaipuliza, akaanza kumbembeleza.