Sauti za Jikoni kwa Mama Nenita

"Rudieni tena," Darwin alisema. "Msiharakishe. Sikilizeni mama anavyokata pumzi hapo katikati."

Jovelyn alikuwa amesimama kwenye korido ya nyumba ya mchumba wake, buti zimejaa theluji, mkononi bakuli la pansiti, tambi za Kifilipino, alilotumwa na mama yake. Ufunguo alikuwa nao, kwa hiyo hakubisha. Kilichomsimamisha ni sauti ya mama yake mzazi, Mama Nenita, aliyemwacha nyumbani muda si mrefu akikata karoti. Sauti hiyo ilitoka chumbani kwa Darwin.

"Usimwambie mwanangu, Luz. Nakuomba, usimwambie."

Kisha sauti za watu wengine, wanaume kwa wanawake, zikaitikia kwa Kitagalogi cha kujikongoja, lugha ya kwao Ufilipino, kama watoto wa chekechea:

"Usimwambie mwanangu, Luz. Nakuomba, usimwambie."

"Mwalimu," msichana mmoja akauliza kutoka kwenye kompyuta, "huyu mama analia au ana mafua?"

"Analia," Darwin akajibu. "Ndiyo maana nimewachagulia hii. Kwenye tamthilia watu hulia wakimsubiri mpiga kamera. Huyu analia kweli. Haya, sentensi inayofuata."

Na mama akaendelea: "Uvimbe umeshafika kwapani. Daktari anataka kunipasua mwezi huu. Nimemwambia mpaka harusi ipite."

Jovelyn akasukuma mlango.

Mimi nimefanya kazi na Jovelyn kwenye nyumba ya wazee hapa Winnipeg, Kanada, zamu moja, chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Haya alinieleza kwa kinywa chake, kwa hiyo msidhani natia chumvi. Na Darwin namjua. Kijana mpole, wazazi wake Wafilipino kama wa Jovelyn, ila yeye alizaliwa hapa na wazazi wakaambiwa shuleni waongee naye Kiingereza tu, mtoto asichanganyikiwe. Akakua anasikia lugha ya kwao kama mtu anayesikia redio ya jirani. Ukubwani ikamuuma. Akafungua kikundi mtandaoni cha wenzake, watoto wa Kifilipino wasioweza kumjibu bibi yao kwenye simu. Sharti la kikundi lilikuwa moja: kila mtu alete alichopata, kilichosemwa na wenye lugha kwa ajili ya wenyewe. Huyu analeta mchezo wa redio, yule mahojiano ya sokoni, mwingine mahubiri ya padri. Wanagawana, wanaandika maneno, wanarudia.

Darwin ndiye aliyekuwa analeta vitamu kuliko wote. Vyake aliviita "Jikoni kwa Mama". Hakuna aliyemuuliza mama gani.

Jovelyn aliposukuma mlango, Darwin alifunga kompyuta haraka, uso umempauka.

"Jove. Hukuniambia unakuja."

"Mama ana uvimbe?"

"Kaa kwanza."

"Nimekuuliza, Darwin. Mama yangu ana uvimbe?"

"Kwenye titi."

"Umemrekodi lini?"

Darwin akatazama zulia. "Zile Jumapili baada ya misa, nikija kwenu kujifunza. Nilikuwa naweka simu juu ya friji, kama naichaji. Sikukusudia simu zake na mama mdogo Luz, nilitaka mazungumzo ya kawaida tu. Jinsi anavyomsema mfanyabiashara wa samaki, jinsi anavyonitania mimi. Jove, hakuna mahali popote pa kuyapata hayo. Ukitafuta mtandao mzima huyapati."

"Sijakuuliza mtandao. Hii umeirekodi lini?"

"Kabla theluji haijaanza."

Theluji huku huanza mwezi wa kumi, na sasa ulikuwa wa tatu. Jovelyn aliweka bakuli chini, akaegemea ukuta.

"Na ulielewa alichosema?"

"Mwanzoni sikuelewa. Anaongea haraka akilia. Nilikaa nayo wiki nzima na kamusi."

"Baada ya wiki nzima na kamusi?"

"Nikaelewa."

"Halafu ukafanya nini?"

Darwin akaokota waya wa chaja, akauzungusha kidoleni.

"Halafu ukafanya nini, Darwin? Si unajua kuongea wewe, si mwalimu? Sema."

"Nikaandika maneno chini yake. Nikaweka maelezo."

Jamani, mtu anaweza kucheka akiwa hana cha kucheka. Jovelyn alicheka.

"Ningekwambia ningesema nimejuaje?" Darwin akaanza kulia. "Ungejua nilikuwa namrekodi. Nilikuwa natafuta njia ya kukwambia. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Na yeye mwenyewe alisema mpaka harusi ipite, nikajiambia pengine daktari amekubali, pengine si haraka..."

"Mama yangu alikuwa anakulisha. Anakufundisha kwa bure, anakurushia kandambili ukikosea, anacheka mpaka anashika tumbo. Aliniambia, 'Huyu mwanaume ameitafuta lugha yetu kwa machozi, huyu hatakutupa.' Kumbe unamla."

"Nakupenda, Jove."

"Najua. Ndiyo inayoniuma."

Akaivua pete akaiweka juu ya kompyuta. Pansiti akaiacha pale pale sakafuni.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni, redio inaimba, kisu mkononi.

"Mbona umerudi mapema? Amekula?"

"Mama, fungua vifungo vya blauzi."

"Umepatwa na wazimu?"

"Fungua, Mama."

Mama Nenita alikiweka kisu kwenye ubao taratibu. Hakufungua, na hakuwa na haja. Macho yake yalishasema.

"Luz amekwambia. Mdogo wangu hana kifua kabisa."

"Mama mdogo hajasema neno. Darwin alikuwa anakurekodi. Simu juu ya friji. Anawapa watu wanaojifunza. Nimewakuta wanarudia ulivyokuwa unalia."

Hapo ndipo Jovelyn aliniambia alitamani angeumeza ulimi wake. Maana mama hakuuliza habari za ugonjwa wala za harusi. Aliivuta aproni aliyojifunga kiunoni, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Watu wangapi?"

"Sijui, Mama."

"Wamesikia nikilia?"

"Ndiyo."

"Na zile za baba yako? Nilizokuwa namwambia Luz habari za baba yako na yule mwanamke?"

"Sijui. Mama, hayo tuyaache, kesho tunakwenda hospitali."

"Mimi nawaosha wazee wa watu kila siku," Mama Nenita alisema, "na nikimvua mtu nguo namfunika taulo kwanza. Hata yule asiyejitambua. Yeye hakunifunika."

Akazima redio.

Hospitali walikwenda. Daktari aliwaonyesha picha, akatumia maneno mengi mazuri, lakini maana yake ilikuwa moja: ingekuwa kabla ya theluji tungezungumza mengine. Sasa ini nalo limeguswa. Jovelyn alimshika mkono mama yake kwenye maegesho ya magari, wakakaa garini bila kuwasha, kioo kikaganda kwa pumzi zao.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungevunja harusi ukakaa unanishika mkono. Nilitaka nikuone na gauni."

"Na sasa?"

"Sasa huna harusi na mkono umeushika. Washa gari, nasikia baridi."

Darwin alikuwa hachoki kuandika. Ujumbe wa kwanza: "Nisamehe." Wa pili: "Naomba nije nipige magoti mbele ya mama." Wa tatu ulikuwa mrefu, Jovelyn hakuumaliza. Akamjibu maneno machache: "Njoo na kompyuta na simu. Duka la kahawa pale kona. Utafuta zote mbele yangu."

Walikutana mchana, katikati ya watu wanaokula maandazi. Darwin amekonda, ndevu hazijachongwa. Akafungua, akaanza kufuta, moja baada ya nyingine, Jovelyn ameinamia kioo kama polisi.

Katikati akasimama.

"Jove, humu kuna nyingine hazina siri yoyote. Kuna anayocheka mpaka anakohoa. Kuna anaimba. Hata hizo?"

"Hata hizo."

"Ukizitaka baadaye?"

"Unaniuzia mama yangu? Futa."

Akafuta. Na kwenye kikundi akaandika ukweli wote, kwamba zile sauti ziliibwa, kila mwenye nakala afute. Wakamtukana, wakamtoa kwenye kikundi alichokianzisha mwenyewe. Wengine walifuta kweli, wengine wakasema wamefuta. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa ngoja niwaambie lililonitoa machozi mimi, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Huyo mama nilishakula kwake. Alikuwa anaongea na sufuria, anaongea na paka wa jirani dirishani, anausema mchele usipoiva. Kuanzia siku aliyojua kuwa alirekodiwa, hakuongea tena mle ndani ila kwa kunong'ona neno moja moja. Simu ya mtu yeyote ikiwa mezani alikuwa anaonyesha kwa kidole. Mdogo wake akipiga kutoka Batangas, kwao Ufilipino, anaingia bafuni, anafungulia bomba, ananong'ona. Nilimletea supu ya samaki ya ukwaju, akanishika shavu, akainamisha kichwa kwa shukrani, mdomo umefunga.

"Mama, simu nimeiacha garini," Jovelyn alikuwa anamwambia. "Zote ziko garini. Ongea na mimi."

"Nimechoka tu, mwanangu."

"Nitukane basi. Nimeunguza wali."

"Si neno. Tutakula hivyo hivyo."

Ndivyo alivyokwenda, kiangazi kilipokuwa kinaisha, akinong'ona mpaka mwisho nyumbani kwake mwenyewe.

Tukamsalia marehemu siku tisa, kama ilivyo desturi yao. Darwin alikuja, akasimama nje kwenye ngazi, hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Siku ya mwisho ya sala, Luz akapiga simu kutoka Batangas, sauti imekwisha kwa kulia.

"Mwanangu, viza wameninyima, dada yangu nimemzika kwa picha. Nitumie sauti yake. Yoyote. Hata anapiga chafya."

"Nitakutumia, mama mdogo."

Akatafuta. Picha zipo tele, maana Mama Nenita alipenda kupiga picha keki. Video zipo za siku za kuzaliwa, lakini humo watu wanaimba karaoke wanamfunika, na yeye yuko nyuma ya kamera. Ujumbe wa simu alikuwa anaandika tu, na vile vimikono vya kusali. Na miezi ile ya mwisho, ambayo mtoto mwingine angemrekodi mzazi wake, huyu mzazi alikuwa anaikimbia simu kama anakimbia moto.

Jovelyn akampigia Darwin. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Umebakiza hata moja?"

"Jove..."

"Sitakusema. Sitagombana. Niambie tu ulinidanganya, ulibakiza moja."

"Uliniambia nifute zote."

"Najua nilichokwambia. Nakuuliza ulichofanya."

"Nilifuta zote. Niliona nikikudanganya na hilo sitakuwa mtu tena. Nisamehe kwa kukutii."

Jovelyn alikata simu, akakaa kitandani kwa mama yake. Aliniambia siku ile alimchukia Darwin kuliko siku ya kwanza, na akajua kuwa hana haki, na kujua huko hakukumsaidia kitu.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo ananiomba nisimwambie Luz. Akaingia kwenye kile kikundi cha mtandaoni kwa jina la bandia, hana picha. Akaandika:

"Hamjambo. Mimi ni mgeni, ndiyo naanza kujifunza. Nasikia kulikuwa na sauti za mama mmoja jikoni. Kuna mwenye nazo?"

Wa kwanza akamjibu kwa ukali kuwa zile ni za wizi, haziruhusiwi. Wa pili akaweka uso wa huzuni. Baada ya muda msichana wa Edmonton, anaitwa Kristel, akamwandikia pembeni.

"Karibu, dada. Usiseme nimekupa. Nyingi nilifuta nilipojua, niliona aibu. Hii moja ilinishinda kufuta, kwa sababu mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na hii haina siri ya mtu. Ni rahisi kwa anayeanza. Mama anamwita binti yake aje ale wali usipoe. Binti haitikii. Anamwita tena na tena kwa jina la utani. Mwishoni anasema kitu kwa sauti ndogo sana, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukielewa, hata mwalimu. Sikiliza, halafu urudie."

Jovelyn akabonyeza. Sauti za jikoni kwao zikajaa chumbani: mwiko kwenye sufuria, bomba, na mama yake akiita, kwanza kwa utani, kisha kwa ukali wa uongo, kisha kwa utani tena. Aliikumbuka siku ile. Alikuwa chumbani, yuko macho, anaangalia simu, anamsikia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamtumia Luz. Kisha akamwandikia Kristel.

"Asante. Hapo mwishoni anasema: 'Basi, mwacheni alale. Ametoka zamu, mtoto wangu amechoka.'"

Kristel akajibu papo hapo.

"Ah, kumbe! Tumehangaika nayo karibu mwaka. Dada, wewe si wa kuanza. Umejifunzia wapi?"

Jovelyn aliandika jibu, akalifuta. Akaandika lingine, nalo akalifuta, kisha akajitoa kwenye kikundi.