Gesare na Oili ya Giaboksi

Asubuhi za Ikonge huamka polepole. Ukungu hulala juu ya majani chai, na aliye barabarani huona kama bado yumo usingizini. Gesare alizipenda mno asubuhi hizo. Aliendesha pikapu ya nyumbani, akibeba majani chai ya majirani hadi kituo cha kununulia. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gia, na mawazo yakielea mbali.

Jumapili moja mawazo hayo yalikatizwa. Pale kilimani alitaka gia ya pili. Gia ikakataa, kisha ikalia, krrr! Akajaribu tena. Ikalia tena.

"Giaboksi imekufa hiyo," alisema mumewe, Manasseh, walipokutana nyumbani. "Gari lenyewe limezeeka. Nitamwita dalali wa Masimba aje Jumatano alichukue, aliuze vipuri."

Bila pikapu, kazi ya Gesare imekwisha. Tena alikuwa na siri iliyomchoma. Ijumaa, yeye mwenyewe ndiye aliyebadilisha oili ya giaboksi. Jua lilikuwa karibu kutua na Sabato kuingia, hivyo alifanya haraka haraka. Stooni kulikuwa na mkebe uliobaki wa oili ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma. Ilikuwa nzito kama uji wa wimbi. "Milima yetu inataka oili nzito," alijiambia, akamimina. Jumamosi gari lilipumzika kama wenyewe.

Jumatatu alilipeleka taratibu hadi Kebirigo, kwa fundi Persis. Persis alikuwa mwanamke mfupi, na ovaroli yake ilimvaa badala ya yeye kuivaa.

"Mama Ogeto, uliweka oili gani?" alimuuliza Gesare, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ya difu. Kwani si zote ni oili ya gia?"

"Yaya, hapana!" Persis alitikisa kichwa. "Hapo ndipo wengi huumia. Sisi watu wa milima tukiona kitu kizito, tunadhani ndicho chenye nguvu."

Akachukua ringi kuukuu ya shaba, akaiweka kiganjani mwa Gesare.

"Ndani ya giaboksi kuna ringi kama hizi. Ukibadilisha gia, ringi hushika, mwendo unalingana, gia inaingia bila kelele. Oili ya difu huteleza kupita kiasi, kwa hivyo ringi hazishiki. Tena ina dawa kali, ambazo baada ya muda zinaweza kula shaba. Na kwa baridi yetu ya asubuhi, oili nzito hivyo huchelewa kusambaa."

"Basi nimeiua," Gesare alisema, machozi yakimlengalenga.

"Bado. Ni siku chache tu. Kitabu cha gari kiko wapi?"

Kilikuwa chini ya kiti, kimejaa vumbi. Gesare alisoma kwa kidole: giaboksi, aina GL-4, uzito 75W-90. Mkebe wa difu, ambao alikuja nao, uliandikwa GL-5, 85W-140.

"Umeona?" Persis alisema. "Fuata kitabu cha gari lako. Gari la jirani linaweza kutaka nyingine kabisa."

Gari liliegeshwa mahali tambarare, likiwa bado na joto kidogo. Persis alifungua kwanza nati ya kujazia.

"Mbona usianze na ya kumwagia?"

"Je, nikimwaga, halafu hii ya kujazia igome? Ungelala hapa!"

Gesare alicheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Oili ya difu ilimwagwa kwenye debe, isije ikaingia mtoni. Mpya ikajazwa mpaka ikafika ukingoni mwa tundu.

Jioni alimwambia Manasseh kila kitu. Alitarajia ugomvi. Manasseh alikuna kichwa.

"Ungeniuliza mimi, ningekupa mkebe ule ule," alikiri.

Jumatano Gesare alipanda mlima wa Ikonge. Ukungu ulikuwa umetanda. Alikanyaga klachi, akashika gia, moyo ukidunda. Ya pili iliingia kimya. Majani yakafika yakiwa mabichi, na njia nzima alikuwa akiimba nyimbo za kanisani bila kujijua.

Aliporudi alimkuta dalali uani, kamba ya kuvutia gari begani. Manasseh alikuwa akimkaribisha kiti.

"Keti, ndugu," alisema. "Chai ipo. Gari la kuuza halipo. Lina kazi, na dereva wake ndiye huyu."