Damu ya Parmuat

Ujumbe uliingia saa nne asubuhi, Wamaitha akiwa anampimia mteja dawa ya kupe kwenye agrovet yake, duka la dawa na vyakula vya mifugo, pale Kitengela.

"Wamaitha, tuachane tu. Ruracio isiendelee. Usiniulize sababu. Pole."

Mkono ulibaki na chupa hewani hadi mteja akamuuliza kama yuko sawa. Akasema yuko sawa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu wazee wa upande wa mchumba wake, Parmuat, waende kwa baba yake, Mzee Hiram, kwa hiyo ruracio, kuzungumzia mahari, na mama yake alikuwa ameshaagiza hema.

Alipiga simu, imezimwa. Akampigia Katee, dereva anayembebea Parmuat ng'ombe kutoka soko la Kajiado. Katee alizungusha maneno wee, mwisho akakubali kwamba rafiki yake amejificha Namanga kwa mjomba wake wiki nzima, hanunui wala hauzi.

Cate, mwenye saluni mlango wa pili, alikuwa na jibu tayari: mwanaume akitoroka hivyo, kuna mwanamke. Wamaitha alifunga duka, akamwachia Cate funguo, akashika njia ya Namanga. Kama yuko, basi amwone kwa macho yake.

Alimkuta Parmuat ameketi peke yake nyuma ya nyumba ya mjomba, mashavu yameingia ndani.

"Kuna mtu mwingine?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Hakuna."

"Basi ni nini?"

Parmuat akamweleza. Mwezi uliopita alikuwa ametoa damu kwenye kampeni ya kuchangia damu. Baadaye wakamwita, wakamwambia damu yake haiwezi kupewa mtu, imeonyesha hepatitis C, ule ugonjwa wa ini. Wakamtaka aende kwa kipimo cha pili. Hakwenda. Alienda kusoma kwenye simu, akakutana na habari za ini kuharibika na saratani, akaanza kujihesabu miongoni mwa wafu.

"Sitaki nikuambukize," alisema. "Utapata mtu mwenye afya yake."

Wamaitha hakujua aanze kulia au kumpiga kofi. Lakini alikuwa ameuza dawa za mifugo miaka sita, na kuna jambo moja alilijua vizuri.

"Walipata virusi, ama walipata kingamwili?"

"Kwani tofauti ni gani?"

"Ndama akishikwa na ndigana, apone, damu yake inakuwaje?"

Parmuat, mtoto wa wafugaji, hakuhitaji kufikiri. "Hiyo damu imeshajua ndigana."

"Na ukiipima, utasema bado ni mgonjwa?"

Parmuat akatikisa kichwa.

"Kipimo cha kwanza kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili; kinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kupigana na huo ugonjwa. Hakikuambii kama bado uko. Ndio maana walikuambia urudi."

"Na wakipata uko?"

"Kuna dawa. Unameza miezi mitatu. Simama twende."

Kesho yake walikuwa hospitalini, Kajiado mjini. Majibu yalichukua siku tisa, na siku hizo zote Wamaitha aliuza chakula cha kuku akichanganya cha vifaranga na cha wanaotaga. Hatimaye Daktari Sirad, mwanamke mpole asiyependa kuzungusha, akawaita ofisini. Alieleza kwamba kingamwili za hepatitis C ziko, lakini virusi vyenyewe havipo, hata kidogo. Huenda aliambukizwa zamani bila kujua, labda hata utotoni. Hakuna wa kusema kwa hakika. Mwili wake ulipigana peke yake ukashinda, jambo linalomtokea kama mtu mmoja kati ya wanne. Akamwonya asijione chuma, kwa maana anaweza kuambukizwa tena, na chanjo bado haijapatikana.

Nje kwenye ukumbi Parmuat alimkumbatia Wamaitha mpaka miguu ikaacha sakafu. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akatoa simu ampigie mjomba, ampigie Katee, awaambie ruracio iko palepale. Wamaitha akaushika mkono wake.

"Nimefurahi. Kwa kweli nimefurahi. Lakini sijasema nimerudi."

"Si umesikia daktari? Sina kitu."

"Si virusi vilivyonitisha, Parmuat. Ulikaa na jambo kubwa hivyo, ukaamua peke yako, ukanitumia mesej kama mtu ameghairi kununua mbuzi. Ukiumwa na kitu kingine, utatorokea wapi?"

Parmuat akarudisha simu mfukoni. Jioni hiyo Wamaitha alimwomba mama yake aahirishe hema.

Zikapita wiki sita. Parmuat alituma salamu kila asubuhi. Wamaitha alijibu "Asante," halafu akarudi kuangalia simu tena na tena kama kuna nyingine imeingia.

Kisha siku moja Parmuat akaja dukani, akapanga foleni nyuma ya wateja kama mtu yeyote. Zamu yake ilipofika, alieleza kwamba Daktari Sirad amempigia. Kuna watafiti Nairobi wanaotafuta watu waliopona hepatitis C bila dawa. Wanataka damu yake, waone kama kingamwili zake zinaweza kuzuia virusi visiingie kwenye ini, na virusi vya aina ngapi. Huenda siku moja zikasaidia kupata chanjo.

"Umewaambia nini?"

"Sijawaambia kitu. Nimesema kwanza niongee na wewe."

Wamaitha akaweka kalamu chini.

"Ni damu yako. Mimi naingia wapi?"

"Watapata kizuri ama watapata kibaya, sijui. Lakini nataka usikie saa ile mimi nasikia. Na naogopa. Hiyo pia sikukuambia ile siku ya kwanza."

Cate alikuwa ameshasimama mlangoni na chanuo mkononi. Wateja walijifanya wanasoma bei.

"Waambie Alhamisi," alisema Wamaitha. "Alhamisi nitafunga duka niende na wewe."

Ruracio ilifanyika miezi mitano baadaye, nyumbani kwa Mzee Hiram. Wamaitha alipangwa mstari na wasichana sita, wote wamefunikwa leso kichwa hadi miguu, ili Parmuat amtambue wake. Chini ya leso alisikia viatu vya Parmuat vikisogea, vikisita. Halafu simu ikalia.

"Ni Daktari Sirad," alisikia Parmuat akiwaambia wazee. "Naomba mnisamehe. Hii siwezi kuishika kama Wamaitha hayuko."

Wamaitha alivua leso.

Shangazi zake walipiga kelele kwamba mila imeharibika, bibi arusi amejichagua mwenyewe. Yeye alikuwa ameshafika, sikio lake kwenye simu shavu kwa shavu na Parmuat. Daktari alizungumza haraka haraka, pumzi zikimpaa. Kati ya aina sita za virusi walizojaribu maabarani, kingamwili za Parmuat zilikuwa zimezuia tano. Kazi bado ni ndefu, alisema, lakini watafiti hawajaketi tangu asubuhi.

Mzee Hiram alisogea na fimbo yake, uwanja mzima ukimngojea.

"Huyo daktari anasema nini?"

Parmuat akampa Wamaitha simu.

"Anasema zinafanya kazi, baba," alijibu Wamaitha, na vigelegele vikaanzia jikoni.