Shilingi ya Simba na Mtamba wa Bibi Gaudensia

Mwaka ule, kila asubuhi Paskalina alianza kazi zizini. Zizi lilikuwa na ng'ombe mmoja tu, mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza. Paskalina alimwekea mabua ya mahindi, akampapasa tumbo, kisha akarudi ndani kumpikia uji binti yake Zita. Zita naye alikuwa mjamzito.

"Mnashindana ninyi wawili," Paskalina alimtania. "Tutaona nani atatangulia."

"Yeye atangulie, mama," Zita alijibu. "Mimi nikijifungua nikute maziwa."

Familia hii ilikuwa imehamia Masakta kutoka Jorodom. Jumapili moja asubuhi, mwezi wa Desemba 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang. Lilichukua nyumba, mbuzi na bustani. Lilimchukua pia Bibi Gaudensia, mama yake Hermani, mume wa Paskalina. Bibi alipatikana siku ya pili. Walimzika.

Mtamba alipona kwa sababu Bibi alifuata desturi ya wazee. Ng'ombe wote hawalali zizi moja. Huyu alikuwa amemweka kwa shemeji yake, huku Masakta.

Kitu kimoja hakikupatikana. Ni kopo la majani ya chai ambalo Bibi aliliweka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na shilingi ya zamani, ya wakati wa mkoloni, yenye picha ya simba, aliyoiacha babu yake Hermani. Katika ukoo wao, mtoto akizaliwa, Bibi aliweka shilingi ile kwenye kiganja chake. Alisubiri mpaka mtoto afumbe ngumi, akamwambia, "Shika cha kwako." Hermani aliishika. Zita aliishika.

"Mtoto wa Zita atashika nini?" Hermani alimwuliza mkewe siku moja.

"Atashika kidole changu," alisema Paskalina. "Mama hayupo, Baba Zita. Tufanyeje?"

Hermani hakuridhika. Alianza kutafuta kwenye simu. Baada ya siku nyingi akaiona shilingi kama ile, yenye simba yuleyule. Ilikuwa inauzwa kwa mnada na kampuni moja ya nje ya nchi. Watu walikuwa wanataja bei kwenye mtandao, na wa juu ndiye anayepata. Hermani alikuwa na elfu themanini alizopata kwa kuuza maharage. Alitaja zote. Jioni simu ikamwambia ameshinda.

Alitoka nje, akasimama karibu na zizi, akalia. Paskalina alipomwona alidhani kuna msiba mwingine.

"Nimeipata," alisema Hermani. "Nimeipata shilingi ya mama."

Furaha ile haikumaliza siku mbili. Ujumbe uliingia ukimtaka alipe laki mbili na elfu thelathini na tano. Ulisema pia kwamba siku saba zikipita, kutakuwa na nyongeza ya kuchelewa.

"Si ulisema elfu themanini?" aliuliza Paskalina.

"Ndiyo bei niliyotaja."

"Basi hao ni matapeli. Waache."

Hermani alitikisa kichwa. Alikuwa mtu wa minada tangu ujana. Katika mnada wa ng'ombe, mtu anayetaja bei halafu akaondoka huchekwa na kila mtu. "Nimeshataja bei," alisema. "Siwezi kukimbia neno langu."

Mkopo hakuutaka, na mbuzi walikwisha kwenda na tope. Siku ya mnada alimfungua mtamba wa mama yake. Zita alisimama mlangoni, mkono tumboni, akamtazama baba yake akipita. Mfanyabiashara aliona wazi kwamba huyu mzee ana haraka. Alimpa laki nne na themanini kwa ng'ombe wa laki saba. Ushuru ulipokatwa, Hermani akarudi na kamba mkononi.

Paskalina hakumgombeza. Aliichukua ile kamba, akaitundika ukutani, akaenda jikoni. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

Hermani alilipa. Mwezi ulipita, na wa pili ukaanza. Kisha akapata ujumbe kwamba mzigo umefika posta ya Katesh, na kwamba unadaiwa elfu sitini na tano. Alikwenda amekasirika.

Nyuma ya dirisha alikuwepo Odilia. Huyu alikuwa mfanyakazi aliyehamishiwa Katesh kutoka Kagera, na watu walimpenda kwa sababu hakuona shida kueleza jambo mara mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mnanidai nini tena? Kitu hiki nimekilipia karibu mara tatu ya bei yake."

Odilia aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. "Hii elfu sitini na tano si yetu sisi, baba. Ni kodi ya kuingiza mzigo nchini, pamoja na gharama za kuutoa. Karibu ukae. Nionyeshe hiyo hesabu waliyokutumia."

Hermani alimpa simu. Odilia alisoma polepole, akimwonyesha kila mstari kwa kidole.

"Hii elfu themanini ni bei uliyotaja. Hapa kuna elfu ishirini. Hii ni ada ya mnunuzi. Wenye mnada wanamtoza kila anayeshinda, robo ya bei. Hii elfu nne ni kodi juu ya ada hiyo. Laki na ishirini ni usafiri pamoja na bima. Elfu kumi na moja ni makato ya kubadilisha fedha na kulipa kwa simu."

"Mbona hawakuniambia?"

"Walikuambia, baba. Hapa chini kuna masharti. Uliyasoma?"

"Yalikuwa marefu, ya Kiingereza. Mwishoni kulikuwa na kisanduku. Nikabonyeza." Hermani aliinamisha kichwa. "Mimi mnada ninaoujua ni wa ng'ombe. Unamwona mnyama, unataja bei, unalipa, unatoa ushuru kidogo, unaswaga nyumbani. Ningejuaje?"

"Ungeuliza jumla kabla ya kutaja bei. Jumla mpaka mlangoni kwako. Ukiona lugha imekushinda, tafuta wa kukusomea. Mimi nipo, na walimu wapo. Kisha unaanza na fedha yote uliyo nayo, unatoa gharama zote, kinachobaki ndicho unachotaja. Wewe ulikuwa na elfu themanini. Usafiri peke yake ni laki na ishirini. Hukupaswa kutaja hata senti."

Hermani aliipokea simu yake.

"Nikiirudisha?"

"Utalipa usafiri wa kurudi. Nao si lazima wapokee. Ukitaka kuiuza kwenye mnada uleule, nako wanamkata muuzaji ada."

"Nimemuuza mtamba wa mama yangu," alisema Hermani. "Alikuwa karibu kuzaa. Tope lilimwacha, nikamuuza mimi."

Odilia aliinuka. Alimletea maji ya kunywa.

Hermani alikuwa amekwisha kulipa laki mbili na thelathini na tano, sasa akalipa na hizo sitini na tano. Shilingi ya elfu themanini ikawa ya laki tatu. Odilia alimpa chenji, na kati ya chenji hiyo mlikuwa na sarafu moja ya shilingi mia mbili.

Nyumbani, Zita aliifungua bahasha. Aliigeuza shilingi mara mbili. Ilikuwa inang'aa, na kila unywele wa simba ulionekana.

"Ya bibi ilikuwa imelainika," alisema taratibu. "Simba wake alikuwa karibu kufutika. Hii ni ya watu wengine, baba."

"Najua, mwanangu. Nilijua tangu niliposhika bahasha."

Wiki mbili baadaye jirani yao Nikolausi alikuja na simu mkononi. Alitaka kutaja bei ya mashine ya kupukuchua mahindi, iliyokuwa ikinadiwa mtandaoni huko mjini. Hermani alimshika mkono, wakaenda pamoja kwa Odilia. Walipiga hesabu ya ada, kodi na lori. Jumla ilizidi bei ya mashine mpya dukani Katesh. Nikolausi alirudi na hela zake zote mfukoni. Tangu hapo, mtu wa Masakta akitaka kununua kitu mnadani kwa simu, huambiwa kwanza akamwone Hermani.

Zita alijifungua salama mtoto wa kike, kwa fedha iliyobaki ya mtamba. Walimwita Gaudensia. Siku walipomleta nyumbani, Hermani aliileta shilingi ya laki tatu. Paskalina alimzuia.

"Babu yako alipoipata ile ya kwanza, ilikuwa nini?" aliuliza.

"Ilikuwa mshahara wake."

"Basi ilikuwa hela ya siku hiyo. Toa ya leo."

Hermani alipapasa mfuko, akatoa ile mia mbili ya posta, akaiosha. Zita aliigeuza.

"Hata hii ina simba," alisema.

Mtoto alifumba ngumi. Hermani alijaribu kusema maneno ya mama yake, sauti ikakatika. Zita akayasema yeye: "Shika cha kwako."

Paskalina akachukua kikombe, akapita karibu na kamba iliyotundikwa ukutani, akaenda kwa jirani kununua maziwa.