Sahani Iliyozibwa Tundu

"Chai imepoa."

Maneno hayo mawili tu yaliingia kwenye simu ya Wanjugu, na moyo ukamlipuka. Yalitoka kwa Balagizi, dereva wa lori aliyekuwa mtoa habari wake. Ilikuwa ishara waliyopatana: Balagizi ameshukiwa.

Aligeuza Toyota HiLux pale pale mtaani Guildford, akaikanyagia mafuta kuelekea bandari ya Port Botany. Malori yalimpigia honi. Hakujali. Watu walimjua kama nesi wa Kikenya. Idara yake ya siri ilimjua kama mwindaji wa wezi wa mali za kale. Leo alijifanya mtaalamu wa sanaa za kale wa kukodiwa, ametumwa na tajiri asiyekuwepo duniani.

Kipokezi kidogo kikakoroma sikioni. Alikuwa Mugambi, bosi wake wa idara.

"Wanjugu, usiingie. Ngoja team."

"Mkivamia sasa, Balagizi atauawa. Yeye ndiye aliyenileta kwa wezi hawa."

"Sawa, but sikiza. Kuuza copy si kosa. Nipatie original kwanza. Ukisema 'nimeridhika', tunavunja mlango."

Alipiga breki nje ya ghala walikopanga kukutana. Alivaa miwani ya kisomi, akaingia kwa mlango mdogo wa pembeni.

Milango mikubwa ya chuma ilikuwa imeteremshwa. Balagizi alikuwa amepigishwa magoti, midomo inavuja damu. Nyuma yake alisimama Salvator, muuzaji mwenyewe, suti ya buluu, bastola aina ya Glock mkononi. Alikuwa peke yake. Kwa mali kama hii hakumwamini hata mdogo wake.

Mezani, sahani tatu za udongo. Kila moja ilichorwa mfalme wa Wamaya wa kale mwenye manyoya marefu kichwani. Zilifanana kama mayai.

"Karibu, Madame," Salvator alisema. "Moja imetoka kaburini, Guatemala. Mbili nilitengenezesha. Mtaalamu wa kweli atajua. Ukikosea, wewe ni polisi, na huyu anakufa mbele yako."

"Dada," Balagizi akanong'ona, "batoto bangu bananingojea ku nyumba."

"Nyamaza! Tu m'énerves, unaniudhi!"

Wanjugu aliinua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uzito ule ule. Jasho likamtiririka mgongoni.

Kitu kimoja kilimkera. Zote zilikuwa nzima.

Wamaya walipomzika mkubwa wao, wakati mwingine walimfunika uso kwa sahani kama hii. Lakini kwanza waliitoboa katikati, ili roho ipate pa kupitia. Sahani ya kaburini isiyo na tundu? Labda zote ni bandia. Labda anachezewa shere, na Balagizi ndiye atakayelipa.

Au kuna mtu ameliziba.

"Zima taa," alisema.

Giza. Aliwasha tochi yake ya miale ya urujuanimno, inayofichua viraka vipya. Sahani ya kulia, kimya. Ya kushoto, kimya. Ya katikati ikatoa doa jeupe linalong'aa, dogo kama kifungo.

Plasta mpya.

"Ni hii. Washa taa. Nani aliiziba?"

Salvator alicheka kwa fahari. "Mimi! Ilikuwa imetoboka, Madame. Nani atanunua kitu kibovu?"

Hasira zilimpanda Wanjugu mpaka kooni. Mtu amefukua kaburi la wenzake, halafu akaziba na njia ya marehemu! Alizimeza, akatoa simu.

"Iinue nipige picha. Mikono miwili, tafadhali. Tajiri wangu hanunui vigae."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Salvator aliweka bastola mezani, akaikumbatia sahani kama mtoto mchanga.

Wanjugu akaichukua Glock.

"Nimeridhika."

Mlango ukavunjika. Salvator alitazama bastola, akatazama sahani, na hakuthubutu kuiachia. Ilibidi polisi wawili waipokee taratibu ndipo wamtie pingu.

Balagizi aliinuka kwa shida. "Aksanti, dada. Na kama ungekosea?"

"Usiniulize leo. Nenda kwa watoto."

Mugambi, aliyeingia na polisi, aliinama juu ya sahani. "Hii plasta tuitoe? Lab wanasema ni kazi rahisi."

"Usiiguse. Irudi Guatemala hivyo hivyo. Mzee aliyezikwa ni wao, wamfungulie njia wenyewe."

Alivua miwani ya kisomi, akatembea hadi kwenye gari. Kule mtaa wa Quakers Hill kulikuwa na mgonjwa anayesubiri dawa zake za mchana, na nesi alikuwa amechelewa.