Tabasamu la Ubeti wa Tatu

Kila alasiri Losaline alifagia majani yaliyoanguka uani, akawafukuza nguruwe wasichimbue magimbi ya mama yake, kisha akasimama mbele ya dirisha la jikoni na kujitazama kwenye kioo chake. Alinyoosha mikono, akakunja vidole, akainamisha kichwa kidogo na kutabasamu. Hapo mama yake alijua kwamba kazi za nyumbani zimekwisha kwa siku hiyo, hata kama vyombo bado vichafu.

Losaline alikuwa na sababu ya kujiona. Shule yao ya Houmalei ilikuwa ikijiandaa kucheza lakalaka kwenye sherehe yake. Hii ni ngoma ya visiwa vya Tonga ya kusimama kwa safu, ambapo wachezaji huimba utungo huku mikono yao ikiufuata. Naye alikuwa amechaguliwa kusimama katikati ya safu ya mbele. Katika kisiwa chote hakuna msichana asiyetamani nafasi hiyo.

Utungo wenyewe haukuwa umechezwa kwa miaka mingi. Aliutunga mume wa Bibi Lesieli, mjane aliyeishi karibu na kanisa, na bibi huyo alikuwa amekataa kuutoa kwa kila aliyeuomba. Mwalimu Pauliasi, aliyefundisha fasihi, alikwenda kwake mara nyingi hadi akakubaliwa. Ndiyo maana hakutaka wanafunzi waukariri tu. Aliwasomesha ubeti kwa ubeti darasani, kama mtu anayemenya tunda asilotaka kulipasua.

"Sikilizeni ubeti wa tatu," alisema siku moja, akasoma polepole:

"Hodi kwa Vaka, mkeka umetandikwa?
Hodi kwa Manu, moto umewashwa?
Hodi nyumba ya mlango wa buluu,
Semisi, kumekucha, bado umelala?
Nabisha, nabisha, nami siingii."

Akafunga kitabu. "Haya. Kwa nini huyu anayebisha haingii ndani?"

"Labda ana haraka, mwalimu," alisema Losaline, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu Pauliasi hakucheka. "Nendeni mkawaulize wazee wenu nyumbani. Kesho tutazungumza."

Losaline hakumwuliza mtu. Na kesho yake, wenzake walipokuwa wakieleza waliyoambiwa, yeye alikuwa ameomba ruhusa kwenda kwa shangazi yake kujaribu vazi la ngoma.

Jioni rafiki yake Fusi alimfuata. "Losa, ungekuwepo leo! Ule ubeti wa tatu, kumbe..."

"Wee Fusi, nawe! Beti zote ninazo kichwani. Hata ukiniamsha usingizini nakuimbia."

"Sisemi kuimba. Nasema tulichoambiwa."

"Niache, nanyoosha vidole."

Fusi akaenda zake. Kwenye mazoezi yaliyofuata, kila walipofika ubeti wa tatu, nyuso za wachezaji zilibadilika. Losaline akageuka na kuwafokea.

"Mbona mmenuna? Mchezaji hutabasamu mwanzo hadi mwisho! Mnataka tuonekane kama tuna njaa?"

"Ubeti huu haunichekeshi," alijibu Fusi, lakini Losaline alikwisha kumpa mgongo.

Siku ya sherehe uwanja wa shule ulijaa. Losaline alikuwa amepakwa mafuta ya nazi mpaka mabega yanameremeta, na manyoya meupe yalitikisika kichwani mwake. Bibi Lesieli alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mbele. Ngoma ilianza vizuri mno. Watu walipiga kelele za furaha, na mmoja mmoja walianza kuja kuwabandikia wachezaji noti mabegani, kama ilivyo desturi ya kuwatuza.

Ukafika ubeti wa tatu. Sauti nyuma yake zilishuka, na Losaline akadhani wenzake wamechoka. Basi akaamua kuwaokoa. Akatabasamu zaidi. Alipofika "Semisi, kumekucha, bado umelala?" aliinamisha kichwa kwa madaha na kukonyeza jicho, kama anayemtania mvulana mvivu.

Shangazi yake, aliyekuwa akija na noti mkononi, alisimama katikati ya uwanja, kisha akarudi alikotoka. Kelele zilikatika. Bibi Lesieli aliinuka taratibu, akakaza mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni, kama wavaavyo Watonga, akaondoka bila kutazama nyuma.

Ngoma iliendelea mpaka mwisho kwa sababu ngoma haikatizwi. Losaline alicheza beti zilizobaki akijua kwamba amefanya jambo baya, na asijue ni jambo gani. Hakuna aibu inayochoma kama hiyo.

Walipotoka uwanjani, mvulana mmoja wa safu ya nyuma alimwambia, "Hongera. Umemkonyeza maiti."

"Maiti gani?" aliuliza Losaline.

Mwalimu Pauliasi aliwaondoa wengine, akamkabidhi kitabu. "Soma ubeti wa tatu. Usiuimbe. Usome."

Losaline akasoma. Bila mdundo na bila mikono, maneno yalikuwa mengine kabisa. Alipofika "nami siingii" alisimama. Alikumbuka mawe ya misingi ya nyumba yaliyotapakaa kule ufukweni, mahali ambapo yeye na wenzake huruka kutoka jiwe moja hadi jingine.

"Haingii kwa sababu hakuna nyumba," alisema kwa sauti ndogo. "Ni kimbunga. Kile cha zamani."

"Mawimbi yalizichukua nyumba zote usiku mmoja. Na nyumba ya mlango wa buluu?"

Losaline aliweka kidole juu ya jina la Semisi.

"Ilikuwa ya mtunzi mwenyewe," alisema mwalimu. "Semisi alikuwa mtoto wao, yeye na Bibi Lesieli. Wenzako walilisema hili darasani, ulipokuwa ukijaribu vazi."

Losaline alijifunika uso kwa viganja vyake vilivyojaa mafuta. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani mama yake hakumgombeza. Alimtolea mkeka wa zamani, mkubwa na uliochanika, unaovaliwa na mtu anayekwenda kuomba radhi. Losaline akajifunga, akapita barabarani mchana kweupe huku watu wakimtazama, akaketi chini nje ya nyumba ya Bibi Lesieli, akainamisha kichwa. Jua lilimchoma. Mlango ukafunguliwa baada ya muda mrefu.

"Wewe ndiwe yule uliyecheka?"

"Ndimi, Bibi. Naomba unisamehe. Niliyajua maneno yote, na sikujua hata moja."

"Nisomee."

Losaline akaanza. Kwa Vaka alipita, kwa Manu alipita. Alipofika kwa Semisi akalia, kilio cha kweli chenye kamasi. Bibi Lesieli naye akaketi chini, hapo hapo mchangani.

"Alikuwa mzito wa kuamka," alisema. "Kila asubuhi baba yake alimbishia mlango. Hatukumpata tumzike, mjukuu wangu. Mume wangu akamtungia ubeti huo. Hatuna kaburi jingine."

"Mimi nimekanyaga kaburi, Bibi."

"Umelikanyaga. Mwalimu wenu alikuja kwangu akasema, nipe utungo huu, watoto wajifunze kupenda maneno. Nikamwambia, watayapendaje wasipouliza yametoka kwa nani? Kukariri ni kazi ya ulimi. Kusoma ni kukaa na mwenye maneno mpaka furaha yake au msiba wake ukufikie." Alimfuta Losaline uso kwa pindo la nguo yake. "Jumamosi njooni wote mcheze tena, hapa uani kwangu. Na wewe usimame palepale katikati."

"Mimi? Hapana, Bibi. Fusi asimame. Nitaona aibu."

"Ione," alisema Bibi Lesieli. "Aibu hiyo ndiyo inayonionyesha kwamba leo umeusoma."